Binti anaruka mapema mno, kaka yake haruki kabisa: kwizi ya Warumi na Yakobo

SWALI

Shalom, Mwalimu.

Ninafundisha timu ya kwizi ya Biblia ya vijana kanisani kwetu hapa Kentucky. Wengi wetu ni familia za Wakongo tuliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani. Nyumbani tunasema Kiswahili, watoto shuleni wanasema Kiingereza. Mashindano ni kwa Kiingereza, Biblia ni NIV (tafsiri ya Kiingereza), na msimu huu tuna Warumi na Yakobo.

Kanuni za ligi yetu ziko hivi. Timu mbili, watoto wanne kila upande, kila mmoja juu ya kiti chenye swichi. Anayenyanyuka kwanza (ndiko tunakoita kuruka) taa yake inawaka na muuliza maswali anakatiza hapohapo. Aliyeruka kabla swali halijaisha lazima alimalizie mwenyewe, kisha ajibu, yote ndani ya sekunde 30. Maswali ni 20, jibu sahihi ni pointi 20. Akikosea, mpinzani aliye kwenye kiti cha namba ileile anasomewa swali zima, na akilipata timu yake inapewa 10. Kuanzia swali la 16, kosa linakata pointi 10 pia. Makosa matatu, mtoto anatolewa. Majibu manne sahihi, anatoka kwa heshima, na kama hakukosa hata mara moja anaongezewa 10.

Shida zangu ni hizi. Tulianza Agosti, sasa ni wiki ya tisa na tumemaliza Warumi 8, lakini sura za 1 hadi 4 zimeanza kuwapotea. Binti yangu wa miaka 14 anajua kuliko wote, lakini mashindano mawili yaliyopita alitolewa kabla ya swali la kumi kwa kuruka mapema. Kaka yake anajua karibu sawa na yeye, ila haruki; anakaa tu mpaka mwisho. Mimi huwasaidia jioni kwa Biblia ya Kiswahili, Union Version, nikiwauliza maswali, na sasa naona wanachanganya maneno. Fainali ya jimbo ni Aprili. Nifanye nini?

Mama wa wawili, Kentucky

JIBU

Shalom, mama. Tuanze na hizo sura zinazopotea, maana hata kuruka kunategemea hapo: mtoto asiye na hakika na mstari ama ataruka kwa kubahatisha ama hataruka.

Warumi 1 hadi 8 ina mistari 225. Mmeimaliza kwa wiki tisa, yaani mistari 25 mipya kila wiki, na kwa mwendo huo muda wa kurudia ya zamani haupatikani. Watoto wako hawana tatizo la akili wala la bidii. Mstari unaosomwa mara ishirini usiku mmoja hutoka vizuri kesho yake, halafu baada ya siku kumi haupo. Unaobaki ni ule ambao mtoto amejilazimisha kuukumbuka bila kuangalia, mara kadhaa, kwa nafasi zinazozidi kurefuka: jioni ileile, kesho asubuhi, siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, kisha mara moja kwa mwezi.

Mliyobakiza ni mistari 315: Warumi 9 hadi 16 ni 207 (katika NIV mstari wa 16:24 haumo ndani ya sura, umewekwa chini kama tanbihi, kwa hiyo msishangae namba ikiruka), na Yakobo ni 108. Punguzeni hadi mistari 15 mipya kwa wiki, mitatu kwa siku, siku tano. Hiyo ni wiki 21, na mkianza sasa katikati ya Oktoba mtamaliza mapema Machi. Wiki zote kuanzia hapo mpaka fainali zisiwe na mstari mpya hata mmoja.

Ya zamani igawe hivi: Jumatatu sura ya 1, Jumanne ya 2, Jumatano ya 3, Alhamisi ya 4 na 5, Ijumaa ya 6 na 7, Jumamosi ya 8. Siku nzito kabisa ina mistari 48. Mtoto anayetamka bila kukwama huimaliza kwa dakika nane hivi, na anaweza kufanya hivyo ndani ya basi la shule. Wewe shika Biblia ya Kiingereza na penseli. Anapokwama zaidi ya sekunde tano, mpe neno moja tu na uweke nukta pembeni ya mstari. Kesho yake asirudie sura nzima. Arudie mistari yenye nukta pekee. Wengi hapa hukosea kwa kurudia sura yote kuanzia mstari wa 1 kila mara, na matokeo yake mwanzo wa sura unakuwa chuma na mwisho wake unabaki udongo. Siku nyingine mwanzishe katikati, au mtajie namba za mistari ovyoovyo: 3:25, 3:9, 3:31.

Kila mstari autangulize kwa sura na namba yake, na autaje tena namba hiyo mwishoni. Inaonekana kama kupoteza muda, lakini swali likianza kwa kutaja sura, mtoto aliyekariri maneno bila anwani hubaki akizunguka kitabu kizima akitafuta.

Kwa mstari mpya, autamke mara tatu akiuangalia, aukate kwenye mikato, kisha aandike herufi ya kwanza tu ya kila neno kwenye karatasi. Aseme akiangalia herufi hizo, halafu ageuze karatasi aseme tena. Orodha zihesabiwe kwa vidole. Warumi 8:38-39 ina vitu kumi, na karibu vyote vimekaa viwiliviwili: mauti na uzima, yaliyopo na yatakayokuwapo, yaliyo juu na yaliyo chini. "Wenye uwezo" wamesimama katikati bila mwenzao, na wa namna hiyo ndio mtoto huwaacha kwa urahisi. Mwonyeshe pengo hilo mapema.

Sasa Kiswahili chako. Usikiache, nakuomba sana. Mtoto anayeelewa Paulo anabishana na nani katika sura ya 3 hushika sura hiyo haraka kuliko anayemeza sauti tupu, na wewe ndiwe unayeweza kumweleza kwa lugha ya nyumbani. Ila kitenganishe na kukariri. Eleza maana siku ya Jumapili, sura nzima ya wiki inayokuja, kabla hawajagusa maneno ya Kiingereza. Jioni za kukariri iwe NIV peke yake, kwa sababu tafsiri hizi mbili hazilingani neno kwa neno, na mwamuzi anasikiliza maneno.

Chukua "Hasha!" ya Paulo. Katika Union Version neno ni hilohilo mara zote kumi: 3:4, 3:6, 3:31, 6:2, 6:15, 7:7, 7:13, 9:14, 11:1 na 11:11. NIV imeligawa katika kauli tatu tofauti: moja iko 3:4, 3:31, 9:14 na 11:11, ya pili 3:6 na 7:7, ya tatu 6:2, 6:15, 7:13 na 11:1. Mtoto aliyezoea Hasha moja hana njia ya kujua ni ipi inakaa wapi. Tengeneza kadi moja yenye anwani hizo kumi katika safu tatu, waikariri kama jedwali la kuzidisha. Hata katika 8:38, palipo na "wenye mamlaka" kwetu, NIV inataja mapepo. Mtoto akijibu kwa kutafsiri Kiswahili kichwani, hapo amekosea.

Kuna jambo jingine kuhusu lugha ambalo huenda hujaliona, na linamhusu binti yako moja kwa moja. Kwa Kiswahili neno la kuuliza mara nyingi huja mwishoni: "Rahabu aliwakaribisha akina nani?" Kwa Kiingereza huja mwanzoni kabisa, kabla ya Rahabu. Jioni ukiuliza kwa Kiswahili, sikio lake linajifunza kusubiri jina, kuruka, halafu kubuni kinachoulizwa. Kwenye kiti cha mashindano neno la kuuliza limeshapita wakati yeye bado anawinda jina. Maswali yote ya mazoezi yawe kwa Kiingereza. Kama matamshi yako yanakupa wasiwasi, mwombe kijana mmoja arekodi maswali 40 kwenye simu, nawe ubonyeze tu kusimamisha.

Hapo tumefika kwenye kuruka kwenyewe. Binti yako, kwa jinsi ulivyoeleza, anachanganya mambo mawili: kuujua mstari na kulijua swali. Jina Rahabu liko mara moja tu katika kitabu chenu, Yakobo 2:25. Akilisikia, mstari ni huo, hakuna mwingine. Lakini mstari huo unazaa maswali kadhaa: alihesabiwa haki kwa nini, aliwakaribisha nani, aliwatoa kwa njia gani. Aliyeshika neno la kuuliza pamoja na Rahabu anaweza kunyanyuka. Aliyeshika Rahabu peke yake amebakiwa na bahati ya moja kwa tatu.

Halafu kuna majina yanayodanganya. Eliya yuko Yakobo 5:17, lakini yuko pia Warumi 11:2. Ibrahimu aliyemwamini Mungu ikahesabiwa kwake kuwa haki yuko Warumi 4:3 na Yakobo 2:23. Ni "rafiki wa Mungu" ndiyo iliyo ya Yakobo pekee. Kumpenda jirani kama nafsi yako kuko Warumi 13:9 na Yakobo 2:8. Isaya ametajwa mara tano katika Warumi, Hosea mara moja, Farao mara moja, Hispania mara mbili, zote sura ya 15. Pale penye mtego mkubwa ni Warumi 5:3-4 na Yakobo 1:3-4, kwa sababu NIV imetumia kitenzi kilekile na neno lilelile la saburi kote kuwili. Paulo anaanzia dhiki na kuishia tumaini. Yakobo anaanzia kujaribiwa kwa imani na kuishia kutopungukiwa na neno. Msiifundishe pamoja. Yakobo 1 ikishakaa imara kwa wiki tatu, ndipo uiweke sambamba na Warumi 5 kwenye kadi moja na kupigia mstari zinapoachana. Ukiwapa zote mbili zikiwa changa, zinavurugana.

Zoezi la kumtibu mrukaji ni hili. Andika maswali 30 kwenye kadi. Katika kila moja mwambie aweke mkwaju (alama ya /) baada ya neno ambalo, likishasikika, swali haliwezi kuwa jingine. Alikague kwa konkodansi, yaani kitabu kinachoorodhesha kila neno la Biblia na mistari lilimo, asikisie. Kisha msomee, ukatize neno moja kabla ya mkwaju, naye ataje maswali yote yanayowezekana. Akitaja matatu, ameona mwenyewe kwa nini asingeruka. Katiza tena kwenye mkwaju wenyewe. Hapo alimalizie na kujibu. Dakika 15, mara tatu kwa wiki, zinatosha. Mfundishe pia kusikiliza sauti inayobaki: muuliza maswali hawezi kukata neno mara moja, silabi moja humponyoka baada ya taa kuwaka, na midomo yake mara nyingi imeshaanza kuumba neno linalofuata. Mtoto aangalie mdomo, asiangalie taa.

Mkao nao una kazi yake. Nyayo zote sakafuni, mwili umeinama mbele, uzito umebaki kidogo tu ukingoni mwa kiti, kiasi kwamba kunyanyuka ni kujiinua sentimita mbili wala si kusimama. Angalieni kanuni zenu zinasemaje kuhusu mikono kushika kiti, maana vitabu vya sheria za kwizi vya makanisa ya Wanazareti, Alliance na Assemblies of God havifanani.

Mpe hesabu pia, ana miaka 14, ataielewa. Kabla ya swali la 16, kupata kunawapa 20, na kukosa kunawapa wapinzani 10 tu, tena wakiwa wanalijua. Akiwa na hakika ya nusu kwa nusu, hesabu inamruhusu. Kuanzia la 16, kosa linakata 10 zenu na huenda likawapa wao 10. Hiyo ni tofauti ya 20, sawasawa na alichokuwa anakitafuta, kwa hiyo nusu kwa nusu haifai tena. Lakini gharama kubwa zaidi ni kosa la tatu popote litokeapo. Akitolewa swali la tisa, maswali 11 yanabaki bila yule anayejua kuliko wote. Basi awe na sheria yake: kabla ya kosa la kwanza aruke kwenye mkwaju, baada ya kosa moja asubiri neno moja zaidi, baada ya mawili asinyanyuke mpaka swali limeisha au awe amelijua swali na jibu vyote viwili. Wewe usimpigie kelele akikosea mara moja. Kosa moja katika raundi ni kawaida ya mrukaji mzuri.

Na akishanyanyuka, anazo sekunde 30. Asijibu katika ile ya kwanza. Avute pumzi, aseme mstari kimoyomoyo kutoka mwanzo, kisha amalizie swali taratibu na kutoa jibu. Kama swali linataka vitu vitatu, avihesabu kwa vidole. Makosa mengi ya mtoto anayejua huzaliwa katika sekunde tatu za mwanzo.

Kaka yake tusimwite mwoga, hata kwa utani, wala wenzake wasimwite. Dada yake anatumia ruhusa ya makosa matatu kupita kiasi. Yeye hajaigusa hata mara moja, na hiyo nayo ni hasara kwa timu. Binti akifanikiwa kabisa anapata maswali manne na kutoka, pointi 80 na nyongeza 10. Maswali 16 yanabaki kwa wengine. Timu ya nyota mmoja haifiki fainali kwa sababu hiyo hiyo.

Mpe kijana sura zake. Mna sura 21 na watoto wanne. Kila mmoja awe na tano za kumiliki, ile inayobaki achukue binti. Wote wanakariri zote, ila mwenye sura ndiye anayeruka kwanza, wenzake wanamwachia nusu sekunde. Katika zake weka Warumi 16, ambayo timu nyingi huiona ni salamu tu na kuipita. Imejaa majina yasiyopatikana kwingine katika vitabu vyenu viwili: Fibi wa Kenkrea, Epaineto, Trifaina na Trifosa, Rufo na mama yake, Tertio aliyeandika waraka. Hapo swali hujifunua mapema na hatari ni ndogo. Agizo lake kwa mashindano yajayo liwe moja: jina la sura ya 16 likitajwa pamoja na neno la kuuliza, nyanyuka. Asipewe lingine. Mashindano yanayofuata muongezee Yakobo 3, yenye lijamu za farasi na usukani wa merikebu.

Mpaka hapo atakapozoea, mkalishe vizuri. Swali la nyongeza humwendea mwenye namba ileile ya kiti, na husomwa zima. Mtoto anayejua vitabu vyote na hataki kukimbizana na taa ameumbiwa swali hilo. Tazama raundi za wapinzani kabla ya zenu, ona mrukaji wao wa haraka huketi kiti namba ngapi, na mweke kijana wako kiti hichohicho. Kila yule anapokosea, wako anaulizwa bila kuruka. Pointi 10 mara mbili au tatu katika raundi zinageuza matokeo, na mtoto anapata kujibu mbele ya watu bila kushindana na taa.

Baada ya kila mashindano, andika kwenye daftari: namba ya swali, nani aliruka, aliruka kwenye neno gani, na kilichoharibika. Sababu ziwe nne tu: hakujua mstari, alijua mstari akakosea swali, alichanganya mistari miwili, alijibu nusu. Kosa la aina ya kwanza linarudi kwenye nukta za penseli, la pili kwenye kadi za mikwaju, la tatu kwenye kadi za jozi, la nne kwenye vidole. Mazoezi ya wiki inayofuata yapangwe kutoka kwenye ukurasa huo, na binti na kaka yake wauone wenyewe kabla hujawaambia lolote.